Halbadiri Aliyoikataa Mke Wangu

Alhamisi, baada ya Isha

Kuku wetu alipoibwa, mke wangu ndiye aliyenihimiza nimwite shehe asome Halbadiri ili mwizi adhurike. Leo nimemwambia kwamba kesho shehe atasoma hapa barazani kwetu, aliyemuua yule muuza samaki aumbuke kabla jaji Mzungu hajamhukumu mwanetu Idi, anayeshtakiwa kwa mauaji hayo.

Nilidhani atafurahi. Akaweka upawa chini.

"Usisome, Baba Idi."

"Kwa nini? Sie tunaogopa nini?"

Nikamuuliza tena kwa ukali, akaangua kilio: "Itamuua mwanangu!"

Kumbe anajua. Idi alimwambia mama yake, mie wakanificha. Tangu Shaabani nazunguka Buguruni nikiapa kwa Mungu kwamba mwanangu hakuua, na kila nikirudi ananipokea kofia, ananitengea maji ya kuoga, hasemi neno. Ameniacha niape!

Majirani nimewaalika mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Nikimwambia shehe asisome, Buguruni nzima itajua. Na akisoma, mie mwenye nyumba ndiye wa kwanza kuitikia amina.