Volti Nilizoiongezea Mashine Yako

Mjomba,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ulikuwa hunionyeshi kitu chochote mpaka nimekuamkia vizuri, hata kama tumeachana nusu saa iliyopita. Basi umeamkiwa. Sasa kaa utulie, maana nina jambo nimekaa nalo kifuani wiki nzima, na leo ndiyo nimepata pumzi ya kuliandika.

Mashine yako ni nzima. Naliweka hilo mbele ili usinikatishe. Inawaka, inafanya kazi, na Jumamosi msalaba wako umewekwa kaburini kule Mutuka na watu wamekuona kwenye video wakacheka. Lakini toka Jumatatu mpaka Jumatano ya wiki hiyo, Mjomba, mimi Theresia nilijua nimeiua.

Baada ya mazishi yako, mkeo Mama Yusta alinipa ufunguo wa studio. Alisema wewe ulikuwa umenizoeza mimi, yeye ni mtu wa mbaazi na mahindi, hajui mkeo wa picha anafanya nini. Hivyo ndivyo anavyoiita ile kompyuta mpaka leo, kama vile ni mke mwenzake. Nikarudi Bagara, nikafuta vumbi, nikamalizia ile video ya kipaimara tuliyoiacha katikati. Nilikuwa naendelea vizuri tu. Halafu familia wakapanga siku ya kuweka msalaba, na wakasema lazima iwepo video yako.

Hapo ndipo nilipojua ubaya wa kazi yetu. Wewe umepiga picha harusi za watu nusu ya Babati, lakini wewe mwenyewe huonekani! Siku zote uko nyuma ya kamera. Nilipekua diski yote, faili kwa faili, nikapata vipande vichache. Unajaribu maiki, moja mbili, moja mbili. Unamfokea bwana harusi asikodoe macho. Unakula makande umesahau kamera iko kwenye stendi inarekodi. Na kile ambacho sikuwahi kukiona, unacheza peke yako ukumbini kabla wageni hawajaja, na mabega yako yale. Nilikiangalia mara nne mfululizo.

Nikapanga vipande vyako vizuri, nikaweka kwaya, nikaanza kurenda, mashine iviunganishe viwe video moja. Shida ikawa umeme. Siku zile ulikuwa unakatika kila siku mchana, na mashine yako ilikuwa inajikokota, haijafika hata nusu, pap, giza. Ukirudi naanza upya. Mara ya pili hivyo hivyo. Nikaona dawa ni moja tu, kuikimbiza prosesa, ule ubongo wa mashine, kupita kasi iliyotoka nayo kiwandani, ili imalize kabla umeme haujakatika.

Najua. Najua ulisema nini. Siku ile unapanda gari kwenda hospitali, umeshikilia kifua, hukuniaga kwa maneno ya maana kama watu wengine. Uliniambia, "Tere, prosesa tutaikimbiza nikirudi. Volti usiguse." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, Mjomba. Watu wengine wanaachiwa baraka. Nimekukasirikia kwa hilo, acha niseme ukweli. Umenikataza mpaka urudi, halafu hukurudi.

Basi Jumatatu asubuhi nikaingia kwenye bayosi, ile skrini ya mipangilio. Kasi nilijua kuongeza, ulinionyesha. Nikapandisha hatua moja, ikawaka. Wewe ungesema nijaribu kwanza nusu saa. Mimi nikapandisha hatua tatu kwa mpigo. Ikawaka, nikafungua video, ikaganda.

Sasa sikiliza akili ya mtu aliyezaliwa Bagara. Sisi tumekua na umeme mdogo. Taa ikiwa nyekundu, friji ikikoroma bila kupoza, kila mtoto anajua ni umeme mdogo, dawa yake ni stabilaiza ipandishe. Sijawahi hata siku moja kusikia mtu wa mtaa wetu akilalamika umeme umezidi. Kwa hiyo mashine ilipoganda, nikasema moyoni, masikini, ina njaa. Nikaiongezea volti. Wala sikuongeza kidogo kidogo, niliongeza kwa mkono wa mtu anayegawa ubwabwa msibani.

Na ikakubali! Dakika tano nilijiona fundi mkubwa. Feni ikaanza kulia, nikaangalia joto, digrii tisini na saba. Ikazimika yenyewe. Sasa mwenye akili angejua imezimika kwa joto, inajiokoa. Mimi nikasema bado ina njaa. Nikaiwasha, nikaongeza volti tena na kasi juu yake. Nikahifadhi. Ikajizima, ikajiwasha, na kioo kikabaki cheusi.

Nilizima, nikawasha. Cheusi. Nilibadilisha waya wa kioo, nikapiga meza, nikasali Salamu Maria, cheusi vile vile. Ulinifundisha kwamba diski ni kitu kingine, haiungui kwa sababu prosesa imeungua. Nilijua hilo kichwani. Lakini hofu haisikii mafundisho. Mimi nilichoona ni kwamba mabega yako yale yako mle ndani, nakala nyingine haipo popote, na nimeyachoma mimi.

Nikafanya jambo la aibu zaidi. Mama Yusta huwa akitoka shamba anapitia studio, anakaa kwenye kiti chako, anaweka kiganja juu ya kasha la mashine na kuisikiliza inavyounguruma. Anakaa hivyo dakika kumi, anaondoka. Na ujue, mashine ilikuwa haitoi picha lakini feni zinazunguka kama kawaida. Kwa hiyo alipokuja nikafunika kioo kwa kitenge, nikamwambia inarenda, haitaki mwanga. Akaamini. Jumanne akaja tena, akakaa, akaweka kiganja. Nilimwacha mjane wako akae anasikiliza maiti, Mjomba, na mimi nimesimama pale najifanya nafagia.

Jumatano nilishindwa. Alileta maziwa mgando kwenye kibuyu, akaniuliza imefika wapi, na mimi badala ya kujibu nikalia. Nikamweleza yote, kuanzia volti mpaka kitenge. Nilimwambia ulinikataza na nimefanya, na kwamba nimekupoteza mara ya pili.

Nikawa nasubiri anitoe na ule ufunguo aurudishe mkononi mwake. Halafu nikasikia kitu ambacho hatujakisikia toka tukuzike. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yanamtoka, kanga imemdondoka begani.

"Mwanangu," akasema, "huyo mwalimu wako amechoma mbili."

Prosesa mbili, Mjomba! Akanisimulia yote. Ya kwanza ulipoichoma ulimwambia ni radi, na siku hiyo Babati nzima haina hata wingu. Ya pili uliificha kwenye kopo la majani ya chai na yeye ndiye aliyeikuta, akitaka kuchemsha. Miaka yote ulivyokuwa unanitazama kwa jicho lile nikikosea kuchomeka waya, kumbe! Nilikaa chini sakafuni. Nilitaka kukukasirikia lakini nilishindwa, nilikuwa najisikia mwepesi mno.

Kisha akaniuliza, "Kale kabetri umekatoa?"

Nikauliza kabetri gani. Akaniangalia kwa huruma. Mama Yusta, ambaye hajui hata kuwasha mashine, alikuwa akikuletea chai miaka yote hiyo, na alikuwa anakuona unavyofanya ukiwa umeharibu. Unachomoa waya wa umeme ukutani. Unafungua kasha. Unatoa kwenye bodi kabetri kaduara kama kidonge. Unakunywa chai. Unakarudisha. Hajui ni kwa nini. Mimi nilivyoambiwa tu nikaelewa, kale ndiko kanakoshikilia kumbukumbu ya mipangilio, ukikatoa mashine inasahau ujinga wote ulioilisha na inarudi ilivyotoka kiwandani. Nilitamani kujipiga kofi.

Nikakatoa kwa ukucha. Dakika chache zingetosha, lakini Mama Yusta alikataa kabisa. Alisema wewe ulikuwa unamaliza kikombe, na sisi tutamaliza kikombe. Akaenda kwa jirani kuomba maji ya moto. Tukanywa, yeye polepole makusudi, mimi nimejiunguza ulimi. Nikarudisha betri, nikachomeka waya, nikabonyeza.

Ikawaka. Picha ikatokea, Mjomba. Mama Yusta alisema tu, "Si unaona," akaanza kukusanya vikombe. Mimi nililia tena, lakini kile kilikuwa kilio cha mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Vipande vyako vyote vilikuwepo. Alhamisi nikaanza upya na adabu zangu. Volti sikugusa. Kasi nilipandisha hatua moja, nikaipa kazi ngumu nusu saa, nikaangalia joto. Hatua ya pili, vile vile. Ya tatu ikaganda, nikarudi ya pili nikaiacha hapo. Digrii sabini na mbili, haipandi. Si kasi ya kujisifia kijiweni, lakini ilitosha. Ijumaa umeme ulipokatika nilikuwa nimeshachomoa flashi yenye video yako, naiweka mfukoni.

Jumamosi padre alibariki msalaba, tukala, kisha tukawasha projekta kwenye turubai kwa jenereta. Ulipoanza kuhesabu moja mbili, watu wakasogea karibu na turubai. Ulipoanza kucheza, shemeji zako waliinuka wakacheza na wewe, na Mama Yusta akawa anawaelekeza kwamba bega la kushoto ndilo linaloanza. Hakuna aliyelia muda ule. Nimeona misiba mingi kupitia kamera yako, sijawahi kuona watu wanarudi nyumbani wamechangamka namna hiyo.

Sasa pumzika, Mjomba wangu. Mashine inaunguruma hapa pembeni yangu, na safari hii kioo kiko wazi. Najua ipo siku nitaunguza prosesa kweli, kwa sababu mtu hajifunzi volti kwa kusimuliwa. Nakuahidi kwamba siku hiyo hiyo nitamwambia Mama Yusta, na nitakayemfundisha kazi hii nitamwonyesha ile niliyoichoma kabla sijamwonyesha ninachojua.

Wewe ulizificha mbili, ukanikataza bila kusema kwa nini. Ungeniambia tu, Mjomba. Ningekuheshimu vile vile.

Ni mimi,
Tere