Taa ya Bibi ya Gari la Taka

Shuwei,

Wali umo kwenye sufuria, tofu pasha mwenyewe. ~~Kile kibao chako cha nyaya nimekizima.~~ Nimekiwasha tena, ole wako ukikigusa!

Uliondoka umenuna, eti ukirudi unachomoa kila waya na kurudisha seti yote ya vifaa vya umeme kwenye boksi lake. Ngoja kwanza. Ni kweli asubuhi, ile taa uliyomtengenezea Bibi, kwa kuwa masikio yake hayausikii tena wimbo ambao gari la taka hupiga likija, iliwaka na gari halipo. Bibi akashuka mbio na mfuko wake wa taka, ndala miguuni, na baba yako akacheka mpaka akapaliwa. (Nimeshamsema.)

Lakini kibao kinachoiwasha hakikukosea! Ulikifundisha kuutambua wimbo wa gari la taka, na wimbo huo ulipigwa kweli. Ni Mzee Kuo wa ghorofa ya juu, tangu astaafu anajifunza kinanda, na ndio wimbo anaoung'ang'ania.

Nilipomweleza Bibi, nikimpigia kelele sikioni, alishangaa. "Kumbe juu yangu kuna kinanda?"

Sisi tunakilalamikia kila siku, yeye hakuwahi kujua kipo. Boksi la wanaoanza tu, mwanangu, na umefanya hivi! Kichwa hicho umekirithi kwangu, baba yako asikudanganye.

Mzee Kuo ameanza tena, na Bibi amevuta kiti mbele ya taa. Imezimika sasa hivi, na amenigeukia: "Mbona ameacha?"

Mama