Mpira Mmoja na Tata Obwocha

Jumanne, 11 Aprili 1972

Jina langu limetoka! Subhash mwenye duka, katibu wa kilabu yetu, ameleta habari mwenyewe, akipiga honi tangu barabarani kama analeta bibi harusi. Timu ya mapro wa Kenya, wachezaji wa kulipwa, itacheza gofu na mapro wa Zambia. Watu sita kwa sita. Na mechi ni hapa hapa Kisii, wiki ijayo. Zambia ndio wanaoshika kikombe tangu mwaka jana.

Watu wamenipa mkono mpaka bega likauma. Nimecheka nao. Moyoni — basi, nimekwisha.

Ni huu mkono wa kulia. Mpira ukiwa mbali na shimo, hata hatua ishirini, nausukuma vizuri kabisa. Ukiwa karibu, futi tatu, futi nne, pale ambapo mke wangu angeuingiza kwa mwiko — mkono unaruka. Wenyewe! Kama umeguswa na stima. Mpira unapita shimo na kwenda zake. Hivyo tangu Krismasi. Hakuna anayejua, maana nikicheza na wanakilabu ninaowafundisha, wao husema, ah, huo umeingia, okota tu. Naokota haraka. Mapro hawatakuambia okota.

Miaka thelathini na tisa. Timu hii nimeingoja tangu Uhuru. Imekuja, mkono umeondoka.

Jumamosi, 15 Aprili

Nyumbani, Ikonge. Majani chai yamekomaa, hata kuyatazama sitaki. Nimemwambia Bonareri habari ya mkono. Mke ni mke. Kwanza hakucheka. Halafu akacheka.

"Baba Bitutu, mpira hauna miguu, hauna meno, na unakutisha hivyo?"

Nikamnyoshea mkono wa kulia, autazame. Akaona si mzaha. Akaniwekea uji, akasema basi waambie unaumwa, watafute mtu mwingine.

Siwezi. Kapteni wa timu ameshasema: tukishinda, hawa sita ndio watakaokwenda kucheza Lusaka mwezi wa nane. Tukikosa kikombe, anawatupa wazee, anaanza upya na vijana. Wazee! Katika timu mzee ni mmoja, na anakunywa uji Ikonge.

Nimejaribu nyuma ya nyumba, kopo nimelifukia ardhini. Kumi nimekosa saba. Kuku wananitazama.

Jumatatu, 17 Aprili

Yamezidi. Tutacheza wawili wawili, kila pea mpira mmoja, kupokezana. Mmoja apige, mwenzake afuate, hivyo hivyo mpaka shimoni. Na mimi nimepangwa na nani? Obwocha! Kapteni anasema Wakisii wawili wataelewana.

Ataelewaje kapteni? Obwocha ana miaka ishirini na saba. Alipozaliwa mimi nilikuwa nachunga ng'ombe. Lakini ni kitinda mimba wa mke mdogo wa babu yangu. Ndugu wa baba. Kwa hiyo ni baba yangu, si kwa utani. Namwita tata, baba kwa Ekegusii. Na kati ya baba na mwana kuna chinsoni, ile heshima yetu ya kuoneana haya. Hamtaniani. Hamlali chumba kimoja. Hamuonani mkiwa mmevua nguo. Mambo ya mwili hamyataji. Angekuwa babu, ningemtania mpaka ashindwe kula. Baba? Thubutu!

Na gofu nilimfundisha mimi. Sikumgusa hata kidole. Wengine nawashika kiuno, nawageuza mabega, nawakanyaga viatu wasisogee. Yeye — nilipiga, akatazama, akapiga. Miaka mitatu hivyo. Alijifunza kwa macho tu, na leo ananipita kwa mbali.

Angekuwa mtu mwingine yeyote ningemwambia: rafiki, mkono wangu mbovu, nilinde. Sasa baba utamwambia nini? Kwamba mwanao anatetemeka?

Jumatano, 19 Aprili

Mkosi juu ya mkosi. Kapteni Abner, Mtaita wa Nairobi, mtu wa amri, anataka timu yote ilale mahali pamoja. Vyumba vya juu, dukani kwa Subhash. Vitanda viwili viwili. Nimefungua mlango na mzigo wangu — Obwocha ameketi kitandani anafungua kamba za viatu.

Tulitazamana. Yaani, hatukutazamana. Yeye alitazama viatu, mimi nikatazama dari. Nikarudi kinyumenyume.

Abner alinishika kwenye ngazi. Mna ugomvi? Nikamwambia hapana, yule ni baba yangu. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Baba yako yule kijana? Alikuzaa akiwa hajazaliwa?" Abner hakucheka. Alituita wote wawili, akasema hataki fitina za kijijini ndani ya timu. Tupatane mbele yake. Tukumbatiane!

Tukumbatiane! Obwocha alikuwa amesimama kama mti wa stima. Mimi jasho. Mwisho nikasema tumepatana, yeye akasema ndiyo, tumepatana, na Abner akaridhika kwamba kweli tulikuwa tumegombana.

Aliyeelewa ni Subhash peke yake. Akasema kwao pia iko. Kaka yake mkubwa akiingia, Indu, mke wa Subhash mwenyewe, hujifunika kichwa na kuondoka sebuleni, na hakuna ugomvi wowote. Akaniomba radhi kwa kutupanga pamoja. Nimepewa stoo ya chini. Magunia ya sukari, godoro, harufu ya sabuni. Nashukuru. Humu hata mkono ukiruka ni shauri ya panya.

Alhamisi, 20 Aprili

Tumeshindwa. Siku ya kwanza kati ya mbili: pea moja ya Kenya imeshinda, moja imetoka sare, ya tatu, yetu, imelala. Tulipigwa na wale Wazambia wawili, mrefu na mnene, watu wa adabu sana, wanakupigia makofi huku wanakuzika.

Na ni Obwocha! Sijui amepatwa na nini. Mipira mirefu anapiga ya ajabu, watu wa Kisii wanapiga kelele mpaka mlinzi anawanyamazisha. Lakini akikaribia shimo anakuwa kipofu. Anarusha mpira kutoka pembeni, mahali pepesi, unaanguka hatua kumi kutoka shimoni. Akipewa wa kusukuma, anaupitisha mbali, kama anafukuza mbuzi. Nilimfundisha hivyo? Basi naanza mimi kutoka mbali, nausogeza, yeye anamalizia ule mfupi. Ile mifupi anaiingiza bila hata kupumua. Bahati yangu tu: siku nzima sikupata mpira mfupi hata mmoja. Mungu anisamehe, nilishukuru.

Kila shimo tunapoteza mpigo kwa ujinga huo. Abner amewaka. Amemfokea mbele ya watu, chini ya mti wa jakaranda, kwamba ameingiwa na woga, kwamba Lusaka asahau, hata tukishinda. Obwocha akasema ndiyo, kapteni. Basi. Hakujitetea.

Nami nilisimama pale. Moyoni nikasema afadhali yeye. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, 21 Aprili, asubuhi

Sina hamu ya chai. Indu ameniletea chapati mbili stooni, moja imerudi. Mawingu tayari, upande wa Keroka. Mvua itakuja mchana, kama kawaida.

Abner amekataa kubadilisha pea. Eti tulipe deni letu wenyewe. Obwocha nimemwona uani akinawa uso. Nikangoja nyuma ya mlango mpaka amalize.

Tutashindwa. Nimeshakubali. Natamani iwe imeisha.

Ijumaa, mchana — kilabuni

Naandika nyuma ya kadi, kwa penseli ya kilabu. Chumba cha kubadilishia nguo. Mvua ya mawe inapiga mabati, mtu hasikii mawazo yake. Radi za kwetu hazina mzaha. Kengele imelia, wote tumekimbia. Mechi haijaisha.

Niandike pole pole, mkono utulie.

Wenzetu leo wamegawana, pea moja imeshinda na moja imeshindwa. Imebaki yetu. Tukishinda, kikombe ni cha Kenya. Hata tukitoka sare, hesabu zinakuwa sawa na kikombe kinarudi Zambia, kwa sababu mwenye nacho hukaa nacho. Na sisi tulifika shimo la mwisho tukiwa sawa na wale wawili. Sijui tulifikaje. Obwocha alipiga mipira mirefu kama mtu mwenye deni na anga, mimi nikaingiza miwili kutoka mbali sana. Akikaribia shimo alikuwa mbovu vile vile. Niligeuka nikamtazama vibaya mara mbili. Mimi, mwana!

Shimo la mwisho. Wazambia wamemaliza kwa mipigo mitano. Sisi tumepiga miwili, mpira uko pembeni, kwenye mteremko, nyasi zimeshaanza kulowa. Zamu ya Obwocha. Akatazama shimo. Akanitazama mimi — mkono wangu, si uso. Akajipanga. Niliona amelenga kushoto, mbali kabisa na shimo, hatua kumi kama jana. Nikasema moyoni, tata, wewe ni kipofu.

Akapiga. Mguu ukateleza. Fimbo ikageuka, mpira ukaenda kulia, ukagonga kijilima, ukarudi, ukateremka taratibu, taratibu — watu wakapiga yowe! Ukasimama futi nne kutoka shimoni. Mpigo mzuri kuliko yote ya siku mbili. Abner alirusha kofia.

Obwocha hakufurahi. Alikuja mpaka karibu yangu, macho chini, kama mtu aliyevunja chungu cha watu. Akasema, "Samahani."

Kwa Kiswahili. Sisi wawili hatujawahi kusemezana Kiswahili. Lakini kwa Ekegusii baba hamwombi mwana samahani, hakuna mahali pa kuliweka neno hilo. Akaenda kulitafuta kwa watu wengine, akaniletea.

Ndipo nikaelewa. Jamani! Anajua. Amejua siku zote. Alijifunza kwa kunitazama, miaka mitatu ananitazama mikono — angekosaje kujua? Ile mipira ya hatua kumi. Ile ya kufukuza mbuzi. Alikuwa ananiwekea mbali, mahali mkono wangu hauruki, ili mfupi abaki nao yeye. Siku mbili. Akafokewa chini ya jakaranda akasema ndiyo, kapteni. Na mimi nikasema afadhali yeye!

Radi ikapiga kabla sijafungua mdomo. Kengele. Nikaweka senti kumi pale mpira ulipokuwa, tukakimbia.

Wengine wako baa na Wazambia. Mimi niliingia humu kuvua shati lililolowa. Obwocha alifika mlangoni, akaniona kifua wazi, akageuka. Amesimama nje chini ya kibaraza, upepo unamletea mvua miguuni. Haingii kwa sababu nimo. Haendi baa. Sijui kwa nini.

Nimeshavaa shati. Nimemwita: tata, ingia. Hakuingia. Basi nikamwuliza kwa Kiswahili, kwa kuwa njia hiyo aliifungua yeye: "Ulijua tangu lini?"

Alifuta maji usoni. Halafu akajibu kwa Ekegusii, akitazama uwanja. Alisema mvua inapungua.

Mkono wake ukaingia mlangoni, uso umebaki nje. Taulo. Kavu kabisa, lilikuwa ndani ya sweta yake. Yeye mwenyewe analowa. Na mkono ule ulionishikia taulo ulikuwa umetulia tuli.

Nimejifuta. Wa kulia nimeufuta mara mbili. Bado. Nikiinua penseli inacheza. Futi nne, nyasi za maji. Ukiingia, ni mipigo minne kwa mitano yao, na kikombe ni chetu; nikikosa, ni sare. Nitakosa. Najua nitakosa, yeye anajua, ni Kisii nzima tu ambayo haijui. Na nikikosa, Abner atasema ni Obwocha wa jana aliyetuponza. Nitasema nini? Safari hii nitasema. Nitasema?

Mabati yamenyamaza. Kengele. Abner anaita, "Pea ya Kisii! Tokeni!"

Njiani baba ndiye hutangulia, mwana hufuata nyuma. Viatu vyake naviona hapa chini ya mlango. Havijasogea. Ananingoja tutoke pamoja.