Kosa Si la Kiwandani

Jumapili, mwezi wa sita. Ukungu haujaondoka tangu alfajiri na nimevaa masweta mawili. Naandika haya kwenye simu, nimekaa kwenye benchi la hospitali.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani wa Lushoto mjini, na ugonjwa wangu ni sarafu. Watu huniletea hela za chuma zilizobadilika rangi, kila mmoja ana hakika ameokota kosa la kiwandani, yaani sarafu iliyotoka mtamboni na dosari, zile ambazo wakusanyaji huzigombania. Karibu zote ni hela za kawaida zilizolala kwenye mbolea au zilizopita motoni. Nikiwaambia hivyo wananinunia. Nimeshazoea kununiwa.

Asubuhi kaja Kaka Hemedi kutoka Vuga na pikipiki yake. Ni mtoto wa mama yangu mkubwa, na kwetu huyo ni kaka, hakuna cha binamu. Mama Mkubwa anatapika wiki ya pili sasa. Zahanati walisema vidonda vya tumbo, wakampa vidonge, havijasaidia kitu. Amekonda mpaka pete inamvuka kidoleni. Hemedi anataka kumpeleka Tanga akapimwe vizuri, lakini hana uwezo. Kwa hiyo alipoiweka ile sarafu juu ya cherehani yangu, alinitazama kama mtu anayengoja hukumu.

Shilingi ishirini ya zamani, ile ya tembo. Inatakiwa iwe nyeupe. Hii ilikuwa nyekundu, rangi ya shaba mpya, pande zote mbili.

Loo! Nilishindwa hata kumpa kiti.

Nikiri kitu. Nilitaka iwe kweli. Nilimtaka Mama Mkubwa afike Tanga, ndiyo, lakini pia nilitaka mimi, fundi wa vitenge, niwe ndiye niliyeitambua. Nilishaanza kutunga kichwani maneno ya kuandika hapa. Aibu yangu hiyo.

Nikaanza kupima. Kama mtambo uliigonga kwenye kipande cha madini mengine, uzito usingelingana na wa wenzake. Nikaiweka kwenye mizani yangu ndogo, kisha nikaweka ya tembo nyingine kutoka kwenye kopo langu. Sawasawa. Nikaleta sumaku, ikanasa papo hapo. Kwa hiyo ndani ni chuma kilekile cha siku zote, chenye ngozi nyeupe juu, na wekundu umekuja kukaa juu yake.

Hemedi akanisogelea. "Dada, sema basi."

Nikachukua kioo cha kukuzia. Jamani, wenye sarafu nyekundu nyumbani, angalieni mikwaruzo. Mikwaruzo huja baada ya kiwanda, mifukoni na sokoni. Kama rangi ni ya kiwandani, mkwaruzo utaikata na kuonyesha kilicho chini. Hii ilikuwa imesuguliwa vikali, mistari tele, na ndani ya kila mstari mlikuwa na wekundu uleule. Maana yake ilikwaruzwa kwanza, ikawa nyekundu baadaye. Nikapitisha ncha ya sindano pembeni. Shaba ikabanduka kama rangi ya kucha.

Nikamwambia haina kitu. Akainamisha kichwa, nami roho ikaniuma vibaya sana.

Lakini kichwa changu hakikutulia. Shaba haioti yenyewe juu ya chuma. Niliwahi kuiona shuleni, kidato cha pili: unatumbukiza msumari kwenye maji ya mrututu, ile chumvi ya buluu wanayopulizia nyanya na kahawa, unatoka mwekundu hivihivi.

"Kaka, hii hela uliitoa wapi?"

"Kwenye kitambaa cha Mama."

Kitambaa gani? Kile anachofunikia ndoo ya maji ya kunywa. Amefunga sarafu kwenye pembe zake kisipeperuke. Ni mwanamke msafi, kila akikifua anazifungua na kuzisugua kwa mchanga na majivu. Ndiyo ile mikwaruzo.

Nikamuuliza Hemedi mrututu wa nyanya zake analoweka wapi.

Akaniuliza mrututu unahusiana nini na sarafu. Nikauliza tena, safari hii nikipiga kelele, wateja wa duka la jirani wakageuka.

Analoweka kwenye ndoo ya Mama. Ya kwake ilipasuka, na hii ni ya buluu, haionyeshi rangi ya dawa. Asubuhi anaisuuza upesiupesi na kuirudisha jikoni. Na usiku anaifunika kwa kitambaa kilekile, pembe zikizama humo ndani, ili kuku wasije wakanywa wakafa.

Kuku.

Tulimpigia Mama Mkubwa simu, haipatikani. Nikapanda nyuma ya Hemedi, nikaacha mlango wa duka wazi. Kuteremka Soni, njia ya kwenda Vuga, kwenye ukungu ule, kona baada ya kona, niliomba dua zote ninazozijua na nyingine nikazibuni.

Tulimkuta amekaa kizingitini na kikombe cha chai ya rangi mkononi. Hata shikamoo sikumpa, Mungu anisamehe. Hemedi alikichukua kile kikombe na kumwaga chai yote uani.

"We Hemedi, umerogwa? Unanimwagia chai yangu?"

Akapiga magoti kwenye tope. "Mama, ni ile ndoo. Nililoweka dawa ya nyanya humo."

Mama Mkubwa alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nilingoja matusi ya Kishambaa, anayo mengi na makali. Hayakuja.

"Niliwaambia maji yana ladha ya chuma," akasema. "Mkasema ni uzee."

Mkasema. Wingi. Mimi aliniambia kwenye simu wiki iliyopita, nikacheka, nikamwambia Mama Mkubwa ulimi nao unazeeka. Mtu ninayejidai kujua habari za chuma! Nimelia njia nzima ya kumleta hapa.

Daktari ametusikiliza vizuri. Alituambia sumu hiyo inaweza kuumiza ini na figo, na kwamba tungechelewa zaidi angekuwa na maneno mengine ya kutuambia. Amemwekea dripu, damu imechukuliwa. Ndoo na kitambaa nimemwagiza jirani aviweke mbali, mtu asiguse.

Muda mfupi uliopita nesi aliruhusu anywe maji kidogo kidogo. Hemedi akaenda mwenyewe dukani, akarudi na chupa mpya, akaifungua mbele yake na kummiminia. Mama Mkubwa hakunyoosha mkono.

"Anza wewe," akamwambia.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningefurahi. Alisema kama unavyomwambia mtu usiyemfahamu. Hemedi akanywa, kikombe kizima, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni. Mama Mkubwa akaliangalia koo lake likipanda na kushuka mpaka akamaliza. Akaendelea kumwangalia kidogo, kuona kama atabaki mzima. Kisha akasema, "Haya, nimiminie."

Nimetoka nje, nimekaa hapa. Majibu ya figo ni asubuhi. Ee Mola, naomba yawe mepesi. Na yaliyo kati ya huyu mwana na mama yake, nani atayapima?