Kikapu cha Pili

Jumatatu, 4 Agosti 1952. Kayanga

Nimejumlisha tangu asubuhi. Fomu za Kiruruma mkono wa kulia, za Rugera mkono wa kushoto. Nyumba thelathini na nane huku, thelathini na nane kule. Zote zilichaguliwa kwa kura kutoka kwenye orodha, nyumba moja katika kila kumi, na iliyochaguliwa hairukwi hata kama iko ng'ambo ya bwawa la mafunjo. Safu ya kwanza, watoto walio hai. Safu ya pili, waliokufa wakiwa wadogo. Kiruruma nilikwenda mwenyewe, kwa baiskeli na kwa miguu. Rugera alikwenda Pastory, karani mwenzangu, Mkatoliki wa Muleba, mtu wa sauti kubwa.

Bwana Elkins, Mzungu wa takwimu anayetusimamia, anataka jumla kesho. Dispensari ni moja tu. Upande unaozika watoto wengi zaidi ndio utakaojengewa.

Safu ya pili ya Pastory: mbili, moja, nne, sifuri, mbili. Yangu: moja, mbili, kisha sifuri, sifuri, sifuri hadi chini ya karatasi. Nimekwenda kunywa maji mara tatu kabla ya saa sita. Sikuwa na kiu.

Jumanne, 5 Agosti

Bwana Elkins amefurahi. Anasema huenda maji ya Kiruruma ni mazuri, au wanawake wa kule wanajua kulea. Anatafuta sababu ya kitu ambacho hakipo. Nikasema, huenda, Bwana.

Niandike hapa ukweli, maana mke wangu Adelina hagusi daftari langu na mwingine wa kulisoma hayupo.

Huku mtoto hahesabiwi kwa kidole wala kwa mdomo. Ukitaja idadi, umeikaribisha ipungue. Mimi Mhaya, nimelelewa hivyo hivyo, na ndiyo maana nilibuni vikapu. Mgeni akiingia nyumbani huletewa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo. Mimi namwomba mama achukue punje humo, moja kwa kila mtoto, aziweke katika kikapu changu kitupu. Hasemi neno. Mimi natazama migomba. Kisha nachungulia na kuandika. Bwana Elkins aliisifu njia hiyo katika barua yake ya Dar es Salaam, nami nikatembea kifua mbele mwezi mzima.

Kikapu cha pili kilikuwa cha waliokufa. Nilikitoa katika nyumba tatu tu. Katika ya tatu mama alikipokea, akakigeuza chini juu, akaniuliza, "Na wewe, Karani, wa kwako humu wako wangapi?" Nikakichukua, nikaaga. Kuanzia hapo kikapu cha pili kilikaa ndani ya mfuko wa baiskeli. Hakuna aliyeulizwa, hakuna aliyesema, na mimi nikaandika sifuri.

Nyumba thelathini na sita. Nafasi tupu maana yake sijui. Sifuri maana yake nimeuliza, nimejibiwa, hakuna. Pastory alifundishwa hayo na mimi mwenyewe, kwa chaki, hapa hapa ofisini.

Jumatano, 6 Agosti

Nilijiambia ni adabu. Pastory anaingia kwenye kibanja cha mtu, katikati ya migomba yake, na kuuliza wamekufa wangapi, kama askari anayedai kodi. Nilimcheka sana. Nilimwambia hana haya. Wanawake walimsonya, kisha wakamjibu. Mimi walinipenda, wakanipa ndizi za kupeleka nyumbani, nikaondoka na uongo.

Sijala vizuri leo.

Ijumaa, 8 Agosti

Barua imekwenda Bukoba. Imependekeza Rugera.

Pastory hana siri. Jana alikwisha kuwadokezea watu wa Rugera, na leo anasema wameanza kusomba mawe ya msingi, wanaume kwa wanawake. Alinipiga bega kwa furaha. Nikampongeza.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani mchungaji aliombea dispensari mpya ya Rugera. Nilisema amina pamoja na wengine.

Nje nilimkuta Ma Keremensia wa Kiruruma. Ana mtoto mgongoni, wa kiume, mwili unawaka homa. Ameanza safari jogoo wa kwanza ili apate dawa Kayanga. Nilimwamkia, nikamwambia pole. Akanitazama bila hasira yoyote.

"Karani, ulikuja ukanihesabia walio hai, ukaondoka. Nikadhani wale wengine Serikali haiwataki."

Nikamuuliza wale wengine ni wangapi. Nilikuwa sijamuuliza kamwe.

"Watatu."

Niliporudi nyumbani nilitafuta fomu yake. Mwandiko wangu ni mzuri sana. Sifuri yake ni ya duara kamili.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemwambia Bwana Elkins. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema yote, kwa Kiingereza kibovu kuliko nilichonacho siku zote. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliuliza ni fomu ngapi, nikamwambia. Akafungua faili, akatoa barua ya kuniombea nafasi ya masomo, akaiweka kwenye droo, akaifunga droo kwa goti.

Kisha akasema kamati ya Bukoba inakaa Jumatano tarehe 27. Fomu za kweli ziwe mezani kwake kabla ya hapo, ama sivyo barua ya kwanza itasimama kama ilivyo. Akanikumbusha sheria: mwulizaji haweki neno lake kinywani mwa anayeulizwa. Kana kwamba ningeweza kuisahau.

Adelina aliniuliza mbona nimerudi mapema. Nikamwambia kichwa kinauma. Hilo nalo ni la uongo.

Jumatano, 13 Agosti. Kiruruma

Nyumba mbili za kwanza, kikapu cha pili kimerudi kitupu. Walikipokea kwa mikono miwili, wakakirudisha kwa mikono miwili. Yule wa pili ana kaburi dogo nyuma ya jiko, nililiona nilipopitisha baiskeli. Safari hii sikuandika sifuri. Niliacha nafasi wazi, nikaendelea.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya yule aliyeniuliza wangu wako wangapi. Hata mto wa kukalia alinipa, wala hakunisimanga. Kikapu kikawa katikati yetu. Basi nikachukua punje moja nikaitia mimi.

Nikamwambia. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, aliishi siku tisa. Nilikuwa safarini, nahesabu mibuni ya watu kwa ajili ya Serikali. Mjumbe alinifikia na habari kwamba mtoto ni mgonjwa. Zilikuwa zimebaki nyumba sita kumaliza kijiji. Nikazimaliza zote sita. Nilipofika nyumbani walikuwa wamekwisha kumzika. Watu wote, na mama yake pia, wanajua kwamba mjumbe alinikosa njiani. Hiyo ndiyo habari niliyowapa.

Aliniacha nikamaliza. Akatia punje mbili kando ya yangu. "Wa kwangu walikuwa pacha," akasema.

Nilitoa yangu kabla ya kuhesabu. Bwana Elkins angeona jinsi ninavyouliza angezichana fomu zote. Nitarudia nyumba zile mbili kesho, kwa njia hii hii.

Jumamosi, 16 Agosti

Nyumba kumi na nne. Kila nyumba nasema yale yale, nyumba sita, mjumbe, siku tisa. Nilidhani yatapungua uzito kwa kurudiwa. Hayapungui. Wengine wanatia punje huku wanaimba kwa sauti ya chini. Mmoja alitaka kujua kama Serikali itaandika na majina. Hakuna safu ya majina. Nikayaandika pembeni ya fomu, kwa penseli, kwa kuwa nilishindwa kumwambia hapana.

Leo pia nimepata sifuri ya kweli. Binti mmoja, ameolewa miaka michache tu iliyopita, ana watoto wawili wanene, akacheka: "Hakuna, Mungu apewe sifa!" Nikaiandika taratibu. Nilitaka kumshukuru lakini asingeelewa.

Ma Keremensia ametia tatu bila kungoja nimalize maneno. Mtoto wake wa homa amepona, anakimbiza kuku. Nilimshika kichwa, akanikimbia.

Alhamisi, 21 Agosti

Miguu imevimba. Vumbi limeingia hata kwenye wino.

Bibi mmoja amenifukuza. Nilikwisha kumweleza yangu yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasimama, akakung'uta nguo.

"Unatembea nalo kwa wanawake wa watu. Mama yake umemwambia?"

Nikasema kwa heshima, bado, Waitu.

"Basi nenda. Kwangu hutapata kitu."

Fomu yake nimeiacha wazi. Ndiyo iliyo sahihi kuliko zote nilizojaza mwaka huu.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimemaliza. Kiruruma imeizidi Rugera kwa watoto tisa. Nilijumlisha mara nne, kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu. Tisa. Nimempelekea Bwana Elkins fomu nyumbani kwake. Alizipokea mlangoni, akaona yale majina ya penseli, akayatazama kwa muda. Hakuyafuta. Wala hakunikaribisha ndani.

Zamani kazi ikikamilika nilikuwa nalala fofofo. Leo nimekaa macho, namsikiliza Adelina akipumua usingizini.

Jumapili, 24 Agosti

Nilipanga kumwambia Adelina baada ya ibada. Nilitafuta maneno njia nzima. Tukafika, akaweka ndizi jikoni, akaanza kumenya. Nikaketi karibu naye, jambo ambalo silifanyi, na hapo akajua ninalotaka kusema.

Hakuniacha nianze. Wanawake wa Kiruruma huuza maharage sokoni Kayanga, na Adelina hununua maharage.

"Umewaambia wanawake thelathini na sita," akasema. "Mimi nimekuwa wa thelathini na saba, tena nimeambiwa na muuza maharage."

Kisu hakikusimama. Aliendelea kumenya mpaka ndizi zikazidi za siku tatu. Nikamwomba radhi. Akasema ameisikia. Kisha akaniambia kitu nilichokuwa sikijui: siku ya nane mtoto alichangamka, akanyonya vizuri, na yeye akaanza kujilaumu kwa kumtuma mjumbe anisumbue kazini bure. Alinihurumia mimi.

Nimemnyima miaka saba ya kunikasirikia. Ameanza leo, ni haki yake.

Ijumaa, 29 Agosti

Jibu la Bukoba limefika. Kiruruma.

Bwana Elkins alilisoma kwa sauti, akalikunja. Pastory alitoka nje bila kofia. Nilimfuata. Yuko chini ya dirisha, anavuta sigara, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sauti yake ilikuwa ndogo.

"Fomu zangu zilikuwa za kweli tangu siku ya kwanza," akasema. "Mimi nitawatazamaje wale watu?"

Nikamwambia nitakwenda mimi. Akasema nenda, basi, wewe si ndiye mwenye adabu. Nilistahili.

Jumanne, 2 Septemba. Rugera

Mawe yapo kando ya njia. Wameyapanga, makubwa chini, madogo juu, na wamefyeka majani kuzunguka ili fundi asisumbuke.

Nilimkuta mama mmoja mtu mzima anapumzika hapo, debe la maji chini. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza fundi anakuja lini. Nikamwambia haji. Dispensari inajengwa Kiruruma. Nikamweleza kosa ni la nani: nilipaswa kuwauliza wanawake wa kule juu ya watoto wao waliokufa, nikaona aibu, nikaandika kwamba hawapo. Ndipo ninyi mkadokezewa dispensari ni yenu, mkasomba mawe. Sasa nimewauliza, na wa kule wamekuwa wengi zaidi.

Alikuwa anakunja jani la mgomba kufanya ngata.

"Yule mwenzako wa makelele alifika kwangu," akasema. "Nilimtajia wote wanne. Kutaja kule kulinipa taabu, mwanangu." Akaiweka ngata kichwani. "Kumbe hawakutosha."

Nikasema hapana, Mama, si hivyo. Lakini ndivyo ilivyo, na yeye alijua, akaniacha niseme tu.

Nilimtwisha debe. Akashukuru, akapanda kilima polepole, mkono mmoja juu ya debe. Sikupanda baiskeli mpaka alipofika kwake.