Siku Tuliyoshuka Jabal na Shangazi Alyaa

Enhe, Dada Balqis, siku ile ya azaa, msibani kwa Shangazi, nilikuwa nimefika pale tuliposimamishwa na polisi chini ya mlima, ndo akaingia mke wa Ghaith na sinia lake la haluwa akatukata maneno, na toka hapo wewe na mie hatujakaa tena pamoja. Basi leo namalizia. Lakini kwanza shikamoo. Natumai mguu umepungua kuvimba, na shemeji hajambo na sukari yake, na mwanetu Wiam anakula. Siye huku Nizwa wazima, alhamdulillahi. Mbuzi kazaa mapacha, na Manar wangu kapasi mtihani wa gari mara ya nne. Nadhani yule askari kampasisha ili asimwone tena.

Simu yangu hupokei, na mie sikulaumu. Ndo nikaona nishike kalamu, na mwandiko utausamehe, mwenyewe unajua skuli mie niliishia darasa la nne, tena hilo la nne nililikaa miaka miwili. Badar wa jirani anakwenda Sur kwenu leo baada ya sala ya alasiri. Nimemwambia barua hii aitie mkononi mwako wewe, si mwa shemeji wala mwa mtu mwengine.

Toka ulipotuletea habari kwamba siku ya milka ya Wiam, ya kufunga ndoa, imewekwa, Shangazi Alyaa, Mungu amrehemu, hakutupumzisha na maji ya waridi. Kasema mjukuu wake hatorashiwa maji ya dukani yaliyotiwa rangi, lazima apande Jabal mwenyewe, mlimani kwenye waridi, ayaone yanapikwa. Nilimwambia mkweo Hashil atatuletea. Akaniuliza mwanamme anajua nini cha harufu, huyo si pua yake imejaa mafuta ya gari? Nikamwambia Shangazi, wewe una miaka themanini na mbili, masikio yamekufa, magoti hayakunjuki. Akanijibu kwamba pua yake haina miaka.

Basi Hashil akaifunga karakana yake ya Firq siku nzima, akaja asubuhi na ile gari nyeupe kubwa. Kambeba Shangazi kama mtoto mchanga, kamweka kiti cha mbele, kamfunga na mkanda, kampa mto wa kiunoni. Mie nikakaa nyuma yao na kikapu cha chai na mkate wa mofa. Nikajisemea wallahi Wiam kapata mume.

Pale kwa polisi wakatazama gari kama magurudumu yote manne yanavuta, maana gari ndogo hawaziachi kupanda, wakatazama leseni. Askari akamwambia Hashil maneno wanayomwambia kila mtu: wakati wa kushuka tia gia nzito, injini iizuie gari, mguu usiuweke kwenye breki ukaulaza. Hashil akacheka, akamwambia yeye kazi yake ni kuzifufua gari za watu wasiosikia maneno hayo.

Tukapanda. Njia ile Dada sikusifii. Upande mmoja jabali, upande mmoja hakuna kitu, unaona mitende ya chini kama vijiti vya meno. Kona juu ya kona. Na ile njia ya kuingilia kijijini imebana hata Hashil alishuka akakunja vioo vya gari, tukapita ubavu unakwaruza ukuta. Shangazi anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti, akimaliza ananiuliza kama mkate wa mofa niliufunika.

Lakini kule juu alifurahi, Dada. Nataka ulijue hilo. Mzee mmoja anapika waridi nyumbani kwake, vyungu mbavu kwa mbavu juu ya moto wa kuni, chumba kizima cheusi kwa moshi. Shangazi kakaa chini, kaonja ya chungu hiki, kaonja ya kile, kagombana na mzee wa watu kwamba moto mkali, mpaka yule mzee akamwuliza kama anatafuta kazi. Akachukua chupa sita. Ya saba akapewa zawadi, akaitia kwapani, akasema hii ndo ya Wiam.

Kushuka unakujua, ulishaambiwa. Katikati ya mteremko breki zikaanza kutoa moshi, kisha harufu, kisha mguu wa Hashil ukazama mpaka chini na gari haijali. Kuna pale pembeni walipochimba njia ya kokoto inayopanda juu, ya kukimbilia gari zilizoshindwa. Hashil akaiwahi. Mtu mwengine angeikosa, tungekuwa chini na ile mitende. Gari ikaingia kwenye kokoto ikazama na kusimama kama imepiga ukuta. Chupa zote zikapasuka. Ikanuka waridi na breki zilizoungua, mpaka leo nikitiwa maji ya waridi mkononi hukimbilia kunawa. Mie sikupata hata mchubuko. Shangazi mkanda ulimkaza kifua, mifupa yake mwenyewe unaijua. Siku tatu hospitali, ya nne akatutoka.

Polisi walipomwuliza Hashil, alijibu neno moja. Kasema, "Mimi ndiye dereva." Wakamwuliza kwa nini hakushuka na gia nzito, akarudia lilelile. Wakaandika uzembe. Kesi ikaisha kwa watoto wa Shangazi kusamehe, leseni wakaichukua kwa muda.

Kisha ndo yakaja yale maneno ya azaani, kwamba alikuwa anachezea simu. Maneno hayo yalikufika wewe mwenye msiba, ukasema mkono uliomwua Shangazi aliyetulea hautomshika mwanao. Ukarudisha posa na kila kilicholetwa, hata lile pakiti la udi ambalo lilikwisha funguliwa. Nani atakulaumu? Mama alipokufa, mie nina miaka mitatu na wewe saba, nani alitupakata?

Sasa nimesikia kwamba Ijumaa hii wanakuja watu wengine kumtaka Wiam, jamaa wa shemeji, na shemeji keshawapa neno nusu. Na huku kwetu karakana ya Hashil imekufa. Fundi wa gari aliyeua mtu kwa gari, nani atampelekea gari yake? Wale Wabengali wawili waliokuwa wakimfanyia kazi wamehamia kwa jirani. Yeye mwenyewe keshapata kazi Duqm ya kutengeneza mitambo, anakwenda na watu wa kampuni. Kanijia juzi kunambia. Kakonda, shati linampwaya mabegani. Nikampa chai, hakuinywa.

Dada, kaa kitako kama umesimama.

Hashil alishuka na gia nzito. Toka kijijini aliitia, na gari ikawa inanguruma kama ng'ombe. Nami nilikuwa na hadithi. Unajua mie nikiwa na hadithi. Nilikuwa nampa Shangazi habari ya mke wa Ghaith, kwenda harusini na dhahabu ya kuazima, mwenye dhahabu naye kaja harusi hiyohiyo. Shangazi anageuza kichwa, anashika sikio, ananambia, "Sisikii mwanangu, gari linapiga kelele." Nikamwambia Hashil aiondoe gia hiyo ya kelele. Akanijibu kwa adabu, kwa jina lile la mama mdogo, kwamba haifai, Khalti. Nikangoja kona mbili, nikamwambia tena. Akasema tuvumilie kidogo tu tufike chini.

Mara ya tatu, Dada, nikamwambia hivi, na maneno yangu nayaandika kama nilivyoyasema: "Hujaoa bado ushaanza kunibishia. Nikimwambia dada yangu, posa hiyo utaiona?"

Nilisema kwa mzaha. Nilikuwa nacheka. Lakini yeye mkwe, na mkwe kwetu habishi. Mie ndo niliyeipeleka posa yake kwako, mie ndo niliyembebea maneno, kijana afanye nini? Nilimwona kwenye kioo kile cha juu ananitazama. Akaitoa gia. Gari ikanyamaza, nikamaliza hadithi yangu vizuri. Shangazi kacheka mpaka kajifuta machozi. Kufika kona ya tano au ya sita, moshi.

Pale kwenye kokoto, kabla watu hawajafika, nilianza kulia kwamba nimewaua. Hashil anatoka damu puani, anamfungua Shangazi mkanda. Kanigeukia akanambia, "Khalti, ninayeshika usukani ni mimi. Wewe hukusema kitu." Kanambia hivyo kwa ajili yako. Alijua Shangazi ni nani kwako, hakutaka dada wawili wakosane. Na mie nikaikubali sitara yake, nikajifunika nayo.

Ingekuwa hivyo tu, ningesema nilikuwa na hofu. Lakini halijaisha.

Siku ya pili ya azaa wewe ulikuwa ndani umelala na homa. Wanawake wamejaa ukumbini, wananitazama mie, maana mie ndo niliyekuwemo garini, na kila mmoja anataka kujua ilikuwaje hata fundi wa gari ashindwe na breki. Mmoja akasema labda alikuwa anakimbiza. Mwengine akaniuliza, Kaltham, mbona hunyanyui uso, kuna nini? Nikaona macho yote yananijia. Nikasema, "Vijana wa siku hizi na simu zao, niseme nini." Basi. Neno hilo tu. Sikusema Hashil. Sikusema alikuwa nayo mkononi. Lakini nalijua neno langu, Dada, nimelifanyia kazi miaka hamsini. Nilijua likitoka hapo litafika wapi, na likifika litakuwa limeota miguu. Haikufika hata magharibi, likawa lishafika kitandani kwako.

Simu yake ilikuwa kwenye kikapu changu cha chai. Alinipa mwenyewe pale kwa polisi nimshikie ili isimshughulishe.

Wiki sita sasa. Nimeona unarudisha posa, nikanyamaza. Nimesikia Wiam hali, nikanyamaza. Watu wa mtaani wanashangaa, wanauliza nani kaniloga ulimi. Nilijiambia huyu Hashil kijana, atapata mke mwengine, na mie dada mwengine sina. Juzi alipokuja kuaga nikadhani atanilaumu, nami nikajitayarisha kulia. Hakunilaumu. Kaniomba nimsomee Shangazi khitma kwa niaba yake, kwa sababu yeye akifika kaburini watoto wa marehemu wanaondoka. Kisha kaniuliza kama Wiam hajambo.

Sitaki unisamehe leo. Ukitaka usinipokelee simu mpaka nife, ni haki yako, nitakuwa nakutumia salamu kwa Badar hata usipozijibu. Polisi nitakwenda mwenyewe Jumapili, Manar atanipeleka, nimeshamwambia yote. Watoto wa Shangazi nitawaita nyumbani. Na wale wanawake wa azaani nitawazungukia mlango kwa mlango, kila mlango nilipokunywa chai, niwaambie maneno ya simu ni yangu. Hilo naliogopa kuliko polisi. Lakini la Ijumaa liko mikononi mwako peke yako. Shemeji akitoa neno kamili, hata ukweli wangu hautomfaa mtu tena. Msomee Wiam barua hii, na ile sehemu ya kioo msomee mara mbili. Kisha mwulize mwenyewe anamtaka nani.

Nisalimie shemeji ukiona ana nafasi ya kusalimiwa. Nisalimie Ahlam na watoto wake, mwambie kile kitambaa cha jalabiya nimekipata, cha kijani lakini, cha buluu kimekwisha. Msalimie na bibi wa nyumba ya mbele, yule mwenye paka, na umwambie—

Manar ananiita kutoka mlangoni. Anasema Hashil yuko uani na begi lake, gari ya watu wa Duqm imewaka barabarani inamngoja, hataki kuingia, anataka kuaga tu aondoke. Na mie niliambiwa wanaondoka Jumamosi. Nimemwambia Manar afunge geti la nje, ufunguo autie kifuani, hao watu wa Duqm wapige honi mpaka wachoke. Badar naye yupo hapo, nampa barua. Nakwenda kumwambia Hashil nimekuandikia nini. Dada, mpigie yeye, si mie. Mpigie leo.

Mdogo wako Kaltham