Bustani ya Kukatwa Isiyokatwa

Mpendwa Bi. Hester, mshauri wetu wa bustani,

Kwa moyo mzito nakutangazia wewe na mkoa wetu mzima wa Shropshire kwamba jana asubuhi ua moja la dalia lilikatwa bustanini kwangu, na marehemu ameacha machipukizi kadhaa. Naomba msaada. Aliyelikata ni binti yangu Rowena, anaolewa Jumamosi, alikuwa anajaribu rangi ya shada lake tu. Ukweli ni kwamba bustani hii niliipanga mwenyewe, maua marefu nyuma, mafupi mbele, yote ya kuchipua tena kila mwaka, ili mke wangu Gillian asikose shada mezani, lakini yalipochanua nikashindwa kukata hata moja, ikawa kila Ijumaa napitia kituo cha mafuta wanakouza maua pia, nanunua shada la waridi, navua karatasi humo humo garini, naingilia mlango wa nyuma nikiwa nimejipaka matope viatuni kana kwamba natoka bustanini, na Gillian ananisifu kwa majirani, na sasa Rowena anasema, "Baba, shada langu liwe kama yale ya mama, waridi tupu," na mimi, Bi. Hester, sina hata mwaridi mmoja.

Clive

Clive,

Pole. Sasa keti nikugombeze. Ulipanda bustani ya kukata ukaigeuza makumbusho. Dalia isiyokatwa inazeeka na kuacha kuchanua. Ikikatwa ndipo inazidi kutoa. Huruma yako ndiyo inayoiua. Na waridi zako zimepanda ndege kutoka Kenya, wakati wewe hata kuvuka mpaka kwenda Wales hapo jirani unaogopa.

Ijumaa, umande ukingalipo, chukua mkasi mkali na ndoo ya maji. Kata juu kidogo ya jani, tumbukiza papo hapo. Mimea michanga ya mwaka huu iache ijenge mizizi. Lakini kwanza mwambie Gillian, leo, chai ikiwa bado moto.

Hester

Bi. Hester,

Nilimwambia. Akaendelea kupaka mkate siagi.

"Clive, hatuna mwaridi. Nilijua tangu shada la kwanza."

Nikamuuliza sifa zote zile zilikuwa za nini.

"Za matope," akasema. "Nani mwingine anajipaka matope kwa ajili yangu?"

Ijumaa nilifumba macho nikakata. Cha kwanza kukatika kilikuwa mpira wa kumwagilia, cha pili dalia. Rowena aliingia kanisani na shada la bustani ya baba yake, wala hakuulizia waridi. Mimi nililia ibada nzima, macho kwenye dalia zangu. Watu walinipa pole kwa kumwoza binti wa pekee, nami nikazipokea.

Clive